Sahani ya Mama Upawa

Ungemwuliza Mama Upawa jana alikula nini, angekujibu kwamba hakula, na asingekuwa anakudanganya. Alikuwa mpishi mkuu katika kantini ya kiwanda cha mabati, mwanamke mpana wa mabega, mwenye sauti ya kushindana na mashine, na hakuna aliyewahi kumwona ameketi kula. Watu wakipanga foleni dirishani, yeye amesimama na upawa wake. Watu wakishiba na kurudi kazini, yeye ameinamia masufuria.

"Mimi harufu tu inanitosha," alikuwa akisema, na wafanyakazi wakamtazama alivyo, wakacheka kwa adabu.

Basi hiyo harufu ikampandisha uzito mpaka magoti yakagoma. Sukari nayo ikapanda. Daktari akamwambia mambo mawili tu: apungue, au aache kazi ya kusimama. Hilo la pili lilimkata maini. Jiko lile alilishika tangu ujana, na nje ya jiko hakujua angeitwa nani. Ndipo akakubali kufungwa mkanda, pete ya mpira laini inayovalishwa sehemu ya juu ya tumbo la chakula. Juu ya mkanda hubaki kifuko kidogo kama ngumi ya mtoto mchanga, na chini yake mlango mwembamba. Chakula kikienda taratibu kinapita. Kikienda kwa pupa kinakwama.

"Yaani mmenifunga mdomo kama gunia," alimwambia muuguzi wa lishe alipozinduka.

"Gunia halina maneno, mama. Wewe ndiye utakayenilalamikia."

Nyumbani akaanza na maji, kisha supu iliyochujwa, kisha vitu vilivyopondwa mpaka visijulikane vilikuwa nini. Mumewe, fundi saa mwenye subira ya kukaa kutwa nzima na skrubu isiyoonekana, ndiye aliyempondea viazi na kumkabidhi kijiko cha chai.

"Tafuna."

"Nitafune uji?"

"Umeambiwa kila kitu utafune. Tafuna." Akamtazama, kisha akacheka peke yake. "Mke wangu, nimetengeneza saa nyingi, lakini sijawahi kuona mshale unaokwenda polepole kama hicho kijiko."

Vidonda vikapona. Magauni yakalegea. Siku aliyorudi kazini, msaidizi wake alimpokea mlangoni kwa vigelegele. Huyu alikuwa mwembamba kama ufagio, na kwa maneno yake yasiyokwisha kiwanda kizima kilimwita Chiriku.

"Ee Mama! Nusu yako umeiacha wapi?"

"Hospitalini. Kaichukue, wewe ndiye unayeihitaji."

Wakacheka, wakafunga aproni, wakawasha majiko. Mambo yakaenda kana kwamba hajawahi kuondoka. Kisha, kabla ya saa ya chakula, Mama Upawa alifunua sufuria ya nyama, akachota kipande, akakipuliza mara moja, akakitupia mdomoni, akafunika sufuria na kuelekea kwenye wali.

Hakufika. Kitu kama ngumi kilimkaba katikati ya kifua. Akashika ukingo wa meza. Mate yakaanza kumjaa mdomoni, mazito, yenye povu, na hayakuwa na pa kwenda kwa sababu njia imezibwa. Akainamia sinki la vyombo vichafu, akatapika, akatapika tena, machozi yakimtoka, wakati nje ya dirisha watu wa foleni wakigonga sahani kwa njaa bila kujua.

"Umekula nini?" Chiriku alikuwa amemshika mgongo. "Mama, umekula nini?"

"Sijala kitu!"

"Umekula nyama. Nimekuona."

"Nimeonja."

"Umeimeza, Mama."

Mama Upawa akageuka kumtazama. Akajaribu kukumbuka kipande kile kilipopita ulimini, na hakukumbuka. Alikumbuka mfuniko. Alikumbuka mvuke. Mkono wake kwenda mdomoni hakuukumbuka kabisa.

Hospitalini picha ilionyesha mkanda umeteleza kidogo. Daktari akachoma sindano kwenye kitufe kilichofichwa chini ya ngozi, akapunguza maji yanayoukaza, na kumwambia pasipo kuzunguka: akitapika hivyo tena mkanda utatolewa, na hautarudishwa. Mama Upawa akabaki na muuguzi wa lishe katika chumba kidogo chenye mizani na meza.

"Nionyeshe unavyoonja," muuguzi akasema, akampa kijiko kitupu.

"Hapa? Bila jiko?"

"Fanya kama masufuria yapo."

Mama Upawa akaona ni mchezo, akacheka, akaanza. Haya ni maharage: moja la kuona kama limeiva, moja la chumvi. Huu ni wali: wa juu kidogo, na wa chini kidogo kwa sababu wa chini hudanganya. Mchuzi anaumwagia kiganjani na kuulamba. Anaongeza nyanya, analamba tena. Nyama, ile iliyo karibu na mfupa. Kabichi. Anarudi kwenye maharage kwa sababu sasa yamekolea. Kisha wali ulioshika sufuria, ambao ni dhambi kuutupa. Kisha kipande kilichobaki upawani...

Kijiko kitupu kilikuwa kikienda na kurudi, kikienda na kurudi, na ghafla Mama Upawa akakiona. Akakitazama kama amemkuta mtu mgeni chumbani kwake. Mkono ukabaki hewani.

"Kumbe nakula," akasema.

"Kutwa nzima, mama."

"Mungu wangu. Kumbe nakula!" Akakaa kwenye kiti. Maisha yake yote aliapa kwamba hali kitu. Aliwaapia mumewe, madaktari, na wenzake waliomsengenya, na akawaona wote kuwa ni watu wasio na huruma. Hasira zote zile, alizimwaga kwa ajili ya nini?

Muuguzi akasema kwa upole, "Kuanzia leo hakuna kinachopita kooni ukiwa umesimama. Unakaa. Unatia kidogo kwenye sahani yako, unatafuna mpaka kisiwe na umbo, ndipo unameza. Hata kuonja, ukiwa umekaa. La sivyo mkanda tutautoa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Sahani yako ikiwa kubwa, tafuta ndogo."

Jioni ile alifungua kabati la vyombo kuitafuta. Kulikuwa na sahani ya mumewe yenye ukingo wa buluu. Kulikuwa na ya binti yao, ya rangi ya chungwa, aliyoikataza isiguswe hata baada ya kuolewa. Kulikuwa na sahani za wageni, zimefungwa kwenye karatasi. Akasogeza hiki, akainua kile, akachungulia nyuma ya bakuli. Mumewe akamkuta amesimama mbele ya kabati lililo wazi, mikono imening'inia.

"Umepoteza nini?"

"Sina sahani."

"Sahani hizo hapo."

"Yangu. Sina sahani yangu. Nimelisha kiwanda kizima, na katika nyumba yangu sina sahani."

Fundi saa naye akalitazama kabati kama analiona mara ya kwanza. Tangu waoane alikuwa akiandaliwa, akila, akishukuru, na mke wake amesimama karibu na jiko na mwiko mkononi. Akanyoosha mkono taratibu, akatoa kisahani cha kikombe cha chai, akakifuta kwa shati lake na kumpa.

Kile kisahani ndicho alichokwenda nacho kazini. Kuonja akamwachia Chiriku. Chumvi aliendelea kuitia mwenyewe, kwa mkono, kama alivyoitia tangu alipokabidhiwa jiko, maana mkono haukuhitaji kuambiwa. Kila mchana wawili hao walikaa kwenye benchi nyuma ya jiko, Chiriku akila na kusimulia, yeye akitafuna kijiko baada ya kijiko cha supu au mtindi aliokuja nao kutoka nyumbani. Na katika kutafuna huko akaanza kushangaa. Ulimi uliozoea kuunguzwa kutwa nzima sasa ulikuwa umepumzika. Maziwa yakawa na utamu. Maji ya bomba yakawa na ladha ya chuma. Kama mtu aliyetolewa pamba masikioni.

Ikafika siku ambayo Chiriku aliomba ruhusa ampeleke mama yake kwenye kliniki ya macho. Mama Upawa akapika na vibarua wa kumenya, akatia chumvi, akagawa. Sasa alikuwa ameruhusiwa vyakula laini, akachota maharage kidogo na wali kidogo kwenye kisahani chake. Akalitazama benchi la nyuma. Akikwama pale peke yake, nani atamwona? Hofu ikamshika. Akavua aproni na kuingia ukumbini kwa watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Meza nzima ikasogea kumpisha.

"Leo tumepata mgeni," akasema fundi mitambo mmoja mwenye masharubu meupe, wa umri wake.

"Kula, acha kunitazama."

Akatia kijiko mdomoni. Akatafuna. Na macho yakamtoka.

Ilikuwa chumvi. Haikuwa chumvi iliyozidi kidogo, ilikuwa chumvi ya kukunja uso, chumvi juu ya chumvi, na kadiri alivyotafuna ndivyo ilivyozidi kuchoma. Akahisi kifua kikianza kubana, na neno la daktari likamjia: akitapika tena, basi. Kutema mbele ya kiwanda kizima ni aibu. Kumeza ni hatari. Akainua macho, akaona majagi ya maji yakipita kutoka meza hadi meza, watu wakijaza glasi, wakinywa, wakijaza tena, kimya, bila hata kutazamana, kama watu wanaofanya jambo walilolizoea.

Akatoa leso, akatema. Akakaa ametulia. Kifua kikaachia.

"Chiriku hayupo leo, eeh?" fundi mitambo akauliza taratibu.

"Umejuaje?"

Akaelekeza mdomo kwenye jagi. "Akikosekana tunajua kijiko cha kwanza tu."

"Mmejua tangu lini?"

"Tangu alipoajiriwa. Kabla yake tulikuwa tunakunywa maji basi."

Damu ikamwisha usoni. "Na hakuna hata mmoja aliyeniambia?"

"Nani angekuambia, Mama? Ulikuwa unatuita wanangu. Hata mimi, na masharubu haya."

Usingizi wa siku ile ulikuwa wa kubahatisha. Asubuhi alifika mapema, akasimama katikati ya jiko akimngoja Chiriku, na Chiriku alipoingia na salamu zake ndefu za mama na macho, akamkata.

"Unatia nini kwenye masufuria yangu nikigeuka?"

Chiriku akautazama mfuko wake, akautazama mlango.

"Maji ya moto," akasema hatimaye. "Na viazi. Navitumbukiza kwenye mchuzi vinyonye chumvi, halafu navitoa."

"Viazi!" Mama Upawa akajishika kichwa. "Viazi vyangu vilivyokuwa vinapotea! Nimemfokea mlinzi kwa ajili ya viazi hivyo! Nimemwita mwizi!"

"Najua, Mama. Ndiyo maana nilikuwa nampelekea chai."

Wakatazamana. Mama Upawa alitaka kukasirika, akaitafuta hasira na hakuiona ilipo. Alichokiona ni msichana mwembamba aliyekuwa akimngoja ageuke, siku baada ya siku, ili amwokoe bila kumuumbua. Na yeye alidhani jikoni humo macho ni yake peke yake. Akaenda stoo, akarudi na kigoda, akakiweka karibu na majiko.

Mchana ulipofika, foleni ikajipanga, dirisha likabaki limefungwa. Mama Upawa alikuwa amekaa kwenye kigoda, kisahani mapajani, kijiko kimoja cha maharage mdomoni, akitafuna. Nje wakaanza kugonga sahani.

"Bado!" Chiriku akawapigia kelele. "Mama anaonja!"

Sahani zikanyamaza. Akatafuna mpaka hakukuwa na umbo tena. Akameza. Akaweka kiganja kifuani na kungoja, na Chiriku naye akangoja, hata kupumua hapumui.

"Yamepita?"

"Yamepita."

"Na chumvi?"

Mama Upawa akalamba midomo, uso ukamkunjamana kwa mshangao ule ule wa jana.

"Lete maji ya moto," akasema. "Na safari hii mwaga nikiwa nakuona."