Wasfi Aliyeua Meza Yetu ya Sarafu

Watu wa mtaa wetu wa Attarin, hapa Iskandaria, wanamwita Ustadhi Wasfi na humpisha akipita. Mimi simpishi. Nimekaa naye meza moja mkahawani kila Ijumaa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na ninasema bila kupepesa macho: huyu ndiye aliyeua kitu alichodai anakipenda kuliko roho yake.

Alikuwa karani wa tramu. Hakuoa, mke wangu husema hakuna mwanamke ambaye angekubali kuwa mke mwenza wa sarafu. Kwake kuna kabati nne zimejaa sarafu za fedha: piasta za Waturuki, za masultani, za Mfalme Farouk akiwa kijana na za Farouk aliyekwisha kunenepa. Kisukari kimemfanya akatwe vidole viwili vya mguu, na mpwa wake, Ihab, alikwisha kuuliza fedha yote ile ina uzito gani. Swali hilo lilimnyima Wasfi usingizi. Alitaka mtu wa kumwachia, mtu ambaye angezitunza zote pamoja na kuzijua moja moja.

"Vijana wa siku hizi hela yao iko kwenye simu," alikuwa akisema huku akikoroga chai. "Mpe piasta uone. Atatafuta pa kuichaji."

Hajji Mitwalli, mwenzetu wa tatu, alicheka kila mara kana kwamba hajawahi kuusikia utani huo. Zamani sisi wakusanya sarafu tulijaza nusu ya mkahawa. Sasa tulikuwa vikongwe watatu, na mwenye mkahawa alikuwa ameanza kutuchukulia viti bila kuomba.

Ndipo Ijumaa moja akaja Nirmin, binti wa marehemu Sabri, daktari wa meno. Ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, ana duka la dawa. Alisimama mbele yetu ameukumbatia mkoba.

"Baba ameniachia sanduku la sarafu," alisema. "Kila mtu ananiambia uza. Mimi sitaki kuuza, nataka kuzijua. Mtanifundisha?"

Nilifurahi hadi nikamwaga chai. Wasfi yeye alimkagua kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Binti, hapa hatuzungumzii bangili."

"Mimi nimevaa saa tu, ami. Tena ya plastiki."

Mitwalli akaangua kicheko. Wasfi hakucheka. Hapendi mtu mwingine achekeshe mezani pake.

Nirmin alifungua karatasi laini akatoa sarafu ya piasta ishirini ya Sultani Hussein Kamel. Ilikuwa nyeusi kwa umri, haijawahi kusuguliwa, na aliishika kwa ukingo kama inavyopasa. Niliyaona macho ya Wasfi yakimtoka. Kisha yule binti akanyoosha mkono ampe.

Kwetu sarafu haitoki mkononi ikaingia mkononi. Unaiweka juu ya kitambaa, unaondoa mkono, mwenzako anaiokota. Ikianguka, inajulikana nani kaiangusha. Kila mmoja wetu alifundishwa hivyo siku ya kwanza, kwa neno moja la upole. Wasfi angeweza kusema, "Weka mezani, mwanangu." Badala yake aliacha kiganja chake wazi gotini. Nirmin akadhani mzee haoni vizuri. Akakisogelea kiganja, akaachia vidole, na Wasfi akauvuta mkono wake nyuma.

Sarafu iligonga sakafu kwa ukingo, ikabingirika hadi chini ya meza ya wacheza domino. Nirmin alipiga magoti akaitafuta. Ukingo ulikuwa umebonyea, na palipobonyea paling'aa.

"Darasa la kwanza hilo," alisema Wasfi.

"Uliona naiachia."

"Niliona."

"Ukatoa mkono."

"Kanuni ni kanuni, binti."

Alifunga karatasi yake akaondoka bila kuaga. Nilimwakia Wasfi mbele ya watu: "Una wazimu? Si huyo uliyekuwa ukimwomba Mungu akuletee?"

"Atarudi. Kama anazipenda kweli, atarudi."

Hakurudi. Wasfi alilazwa hospitali, na Ihab akaja kumtazama mgonjwa akiwa na mnunuzi. Aliporuhusiwa tu kutoka hospitali, Wasfi alinishika mkono: "Lutfi, nipeleke kwa yule binti. Nimwombe radhi, nimwambie kabati zote nne ni zake." Nikaamini. Njia nzima alikuwa akirudia maneno ya kuomba radhi, hata nikamwonea huruma.

Nirmin alifungua mlango wa nyumba yake akasimama katikati. Hakutukaribisha ndani, na katika mji huu hata mwizi huambiwa karibu chai.

"Mmechelewa," alisema. "Sanduku la baba nimelipeleka kwa sonara. Alizimwaga zote kwenye mizani kama karanga."

"Kwa nini, mwanangu?" nikauliza.

"Nilitaka kuwaona watu wanaozipenda, ami Lutfi. Nikawaona."

Nikamgeukia Wasfi. Wakati wake ulikuwa huo.

"Sonara gani?" aliuliza. "Na ile ya Hussein Kamel nayo ilikuwamo? Huenda hajaziyeyusha."

Nirmin alimtazama kidogo, kisha akafunga mlango taratibu. Wasfi alikwisha kuanza kushuka ngazi, akijishika ukutani, akiniita: "Lutfi, fanya haraka, maduka ya dhahabu yatafungwa!"

Sikumfuata. Niliuelekea ule mlango nikaomba radhi isiyokuwa yangu, kwa sauti kubwa ili hata yule wa ngazini asikie. Ndani, mtu aliongeza sauti ya redio.