Mkate wa Wiktoria Sobala

Watu wa Zagórzec hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote, si siasa, si mpira, wala nani hasa aliyekata ule mti wa mlozi wa Padri. Lakini juu ya mkate wa Bronisława Kędzior walikuwa kitu kimoja. Ulikuwa mbaya. Tena si ubaya wa kusahaulika, bali ubaya wa kusimuliwa. Mkwe wake aliacha jino humo, na tangu hapo Jumapili zote akawa na mafua. Padri alipewa mmoja wakati wa Pasaka, akashukuru kwa maneno matamu, na kuanzia siku ile mlango wa chumba cha mavazi ya misa haukupigwa tena na upepo. Ulikuwa umepata kizuizi.

Bronisława mwenyewe aliyasikia hayo akayaacha yapite, kama mtu anavyopisha mkokoteni wa samadi. Mkate ule ulikuwa wa mama yake, Wiktoria Sobala, naye aliuoka kila Ijumaa kama alivyoonyeshwa utotoni: unga mweusi, chumvi ngumi nzima, mbegu kali za kisibiti mpaka mkono uchoke kunyunyiza, kisha ndani ya jiko mpaka chini kuwe kama masizi ya sufuria.

"Mkate laini ni wa wagonjwa," alisema. "Mtu mzima anatafuna."

Kila mwaka kwenye sikukuu ya mavuno aliupeleka mkate wake mashindanoni, na kila mwaka alishinda Genowefa Mroczek, binti wa mwenye kinu, kwa mkate mweupe uliobonyea kama shavu la mtoto. Wawili hao walisoma dawati moja, wakapokea komunyo ya kwanza siku moja, na hakuna aliyewahi kusema neno jema juu ya mwenzake pasipokuwa na jeneza karibu.

Sasa, pembeni mwa mji, pale kwenye machimbo ya mawe, wakati wa vita Wajerumani walijenga kambi ya mateso. Waliwafungia humo wanawake wa Kiyahudi, wakawapasulisha mawe mpaka wakaanguka, na wengi hawakuinuka. Kwa miaka mingi palikuwa na nyasi tu na ukimya. Hata watoto waliokwenda kuchuma matunda mwituni walipita mbali. Halafu halmashauri ikapasafisha, ikaweka njia ya kokoto na jiwe la kumbukumbu, na kila Jumamosi dada mmoja aitwaye Kinga, mwenye mwavuli mwekundu hata jua likiwaka, akawa anawatembeza wageni na kuwaeleza.

Bronisława hakuwa na haja ya kuelezwa. Alikuwa na miaka minane wakati ule, na nyumba yao ndiyo ya mwisho kabla ya machimbo. Mpaka leo anakaa humo humo.

Lakini Jumatatu moja, kwenye foleni ya duka la nyama, mwanamke aliyekuwa mbele yake akasema, "Kumbe mama yake Genowefa alikuwa shujaa! Eti alikuwa akiwatupia wafungwa mkate juu ya seng'enge. Kinga anasimulia, watu wanalia. Halmashauri itaweka kibao chenye jina lake kabla ya majira ya baridi."

Bronisława akatoka kwenye foleni bila nyama.

Maana aliyetupa mkate alikuwa mama yake. Yeye mwenyewe alishika kikapu, amejibanza nyuma ya mti wa mzambarau pori. Na usiku ule mama alimshika kidevu akamwambia, "Bronka, hukuona kitu. Ukisema, watatupiga risasi wote, na paka pia." Hilo la paka ndilo lililomfunga mdomo. Vita vikaisha, mama akafa, paka wengi wakaja na kuondoka, na Bronisława hakusema. Mwanzoni kwa hofu, baadaye kwa mazoea, na mwishowe kwa kiburi, maana aliona jambo la kweli halihitaji kupigiwa ngoma. Kumbe asiyepiga ngoma hupigiwa ya mwenziwe.

Jumamosi akavaa koti la kanisani, akashika fimbo, akajiunga na ziara. Genowefa alikuwako tayari, amekalia kigoda cha kukunja kando ya ua wa seng'enge kama askofu anayesubiri kubusiwa pete.

Kinga akafika penye ua, akashusha mwavuli na sauti. "Hapa mke wa mwenye kinu alihatarisha maisha yake..."

"Si kweli," akasema Bronisława.

"Samahani, Pani?" akauliza Kinga, kwa heshima anayopewa bibi yeyote huko.

"Alikuwa mama yangu. Wiktoria Sobala. Nami nilishika kikapu."

Genowefa hata hakugeuka. "Bronka, mama yako alikuwa na unga? Mlikuwa mnakula maganda ya viazi. Sisi ndio tuliokuwa na kinu."

"Ndiyo, mlikuwa na kinu, na Mjerumani alilala ndani yake. Mama yako angetupa mkate kupitia dirisha gani?"

"Wewe wivu utakuua."

"Uniue mimi! Mkate wenu laini ungepasukia hewani kabla ya kuvuka ua!"

Wageni wakatazamana. Kinga, mtoto wa watu, akasema kwa upole kwamba anaheshimu kumbukumbu za wote, lakini Pani Genowefa ndiye aliyekuja kwanza kusimulia, na bila shahidi mwingine hawezi kubadili. Bronisława akaenda Jumamosi iliyofuata. Na iliyofuata. Kila Kinga akifungua kinywa penye ua, yeye anasema, "Si kweli," kama waumini wanavyoitikia "Amina." Wageni wengine walidhani amelipwa, kwamba ni sehemu ya ziara.

Majani yakaanza kuwa manjano. Fundi akaja kupima mahali pa kuchimbia nguzo ya kibao. Siku ile Bronisława hakula chakula cha jioni.

Jumamosi baada ya hapo akaja mgeni mmoja kutoka Buenos Aires, mwanamke wa makamo aitwaye Estera Lichtig. Alisema Kipolandi cha kizamani, cha mama yake, kama mtu aliyevaa gauni la sandukuni. Mama yake, Fela, alikuwa mmoja wa wanawake wa machimbo, na alikuwa mmoja wa wachache waliotoka. Estera alitembea njia yote nyuma ya mwavuli wa Kinga. Aliweka kijiwe juu ya jiwe la kumbukumbu, kama wafanyavyo Wayahudi makaburini, akasimama hapo muda mrefu, na hata Genowefa alikunja kigoda chake akasimama pia.

Kisha wakafika penye ua. Kinga akaanza. "Hapa mke wa mwenye kinu aliwatupia mkate mweupe, laini..."

Estera akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, akaziba mdomo. "Mniwie radhi. Mweupe? Laini?"

"Kwani?" akauliza Kinga.

"Mama alinisimulia mkate huo tangu nikiwa mdogo. Mambo mengine ya hapa hakuyasema kamwe. Huo tu. Alisema mara ya kwanza uligonga waya ukarudi upande wa yule mwanamke. Akauokota, akafanya kitu na mdomo wake, akautupa tena. Ukamwangukia mama begani. Walidhani ni jiwe! Alisema mwilini ana alama nyingi za watu waliotaka afe, ila moja tu ya mtu aliyetaka aishi." Akafuta macho, bado anacheka. "Na chumvi yake! Kama ya kukaushia samaki. Na kisibiti kimejaa menoni, na chini umeungua mkaa mtupu. Mama alisema: ule ndio mkate mbaya kuliko yote niliyowahi kula, na nililamba mpaka makombo kwenye kiganja. Kule kwetu mkate ukiharibika jikoni alisema, 'Msilalamike, haujafikia ule wa Zagórzec.'"

Genowefa akapanda juu kama maziwa yanayochemka. "Mkate wa mama yangu haujaungua hata siku moja! Kisibiti? Sisi? Muulizeni yeyote!"

Neno lilikwisha kutoka, na halikuwa na mkia wa kulivutia nyuma.

Watu wote wa Zagórzec waliokuwapo, na walikuwa wanne watano, wakageuza shingo taratibu kumtazama Bronisława.

Bronisława alikuwa na jibu, kama Jumamosi zote hizo. Ulimi ulikuwa tayari kusema, "Mama yangu hakuoka mkate mbaya!" Akaubana kwa meno. Maana aliona njia mbili mbele yake. Akiutetea mkate, anampoteza mama. Akimchukua mama, anauza mkate, tena mbele ya Genia, Genowefa huyo huyo wa dawati moja, pamoja na Ijumaa zake zote na mashindano yote ambayo kila mwaka alisema aliibiwa.

"Pani Bronia?" Kinga akanong'ona.

"Nifuateni," akasema Bronisława, akageuka na fimbo yake.

Ziara nzima ikamfuata, mwavuli nyuma ya fimbo. Wakateremka mpaka nyumba ya mwisho, wakajazana jikoni, wengine wakabaki mlangoni, na Genowefa akafungua kigoda chake katikati bila kukaribishwa. Mkate wa jana ulikuwa mezani chini ya kitambaa. Bronisława akauchukua. Ukamponyoka, ukaanguka kwenye vigae kwa kishindo, na paka akapita dirishani.

Bronisława akainama, akauokota, akaupuliza, akaubusu. Hakufikiri. Kwao mkate ukianguka hubusiwa, nani asiyejua? Ni zawadi ya Mungu, huombwa radhi.

Estera alikuwa amesimama kama aliyechomwa sindano. "Fanya tena."

"Nifanye nini?"

"Hicho. Ulivyofanya na mdomo. Mama alinionyesha mara elfu, anachukua kitambaa cha mezani, anakipuliza, anakibusu. Hakujua kwa nini. Alisema labda yule mwanamke alikuwa anauaga."

"Alikuwa anauomba radhi," Bronisława akasema. "Mama yangu hakuacha kuomba mkate radhi, hata akiwa na bunduki mgongoni."

"Kila mtu hapa anabusu mkate," akadakia Genowefa, lakini polepole.

"Kweli. Basi aonje."

Akachora msalaba chini ya mkate kwa ncha ya kisu, juu ya weusi ule, akakata. Kukata kulichukua muda. Mgeni mmoja alijitolea kusaidia akakatwa jicho, akarudi mlangoni. Estera akapokea kipande, akauma. Akatafuna. Jikoni hapakuwa na sauti ila hiyo, na ilikuwa kubwa, kama farasi anayepita kwenye kokoto. Macho yakamjaa machozi.

"Ni huu," akasema.

"Mbaya?" akauliza Bronisława.

Estera akamtazama, kisha akamtazama Genowefa, kisha mkate. Alikuwa mwanamke mwenye huruma, na ilionekana wazi anatafuta neno la adabu.

"Usinifiche. Sema mbele ya huyu."

"Pani, ni mbaya sana."

Bronisława akavuta pumzi, akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Basi ni wa mama yangu!"

"Miaka yote hii nakwambia ni mbaya," akasema Genowefa.

"Uliniambia kwa nia mbaya."

Estera akawa amemkumbatia, na Bronisława, ambaye hakupenda kukumbatiwa hata na wanawe, alisimama kama nguzo mpaka mwishowe mkono wake mmoja ukapanda wenyewe ukampapasa mgeni mgongoni. Genowefa alinyoosha mkono akachukua kipande kidogo, akakitia mdomoni, akahangaika nacho.

"Mama aliniambia alitupa," akasema, akiangalia sakafu. "Aliniambia hivyo, Bronka. Sikutunga."

Bronisława alifikiri. Hasira ilikuwapo bado, lakini haikupata mahali pa kukaa.

"Labda alitupa siku nyingine," akasema. "Ua ulikuwa mrefu." Halafu, wasije wakadhani amelainika, akaongeza, "Lakini kibao ni kimoja."

Estera aliondoka na nusu ya mkate, amefunga kwenye kitambaa. Kabla ya kuondoka alirudi kwenye jiwe la kumbukumbu, na Bronisława akaenda naye, akaweka kipande cha ganda kando ya vijiwe. Njiwa walikijaribu wiki nzima, wakakata tamaa. Mpaka leo kipo, na mgeni asiyejua hawezi kukitofautisha na vile vijiwe vingine.

Kinga alikuja Ijumaa na karatasi, kusoma maneno atakayosema penye ua na yatakayochongwa. Alisoma vizuri, kwa hisia: Wiktoria Sobala, bila kuogopa kifo, aliwatupia wafungwa mkate wake mwema.

Bronisława alikuwa anakanda, unga mpaka viwikoni. "Rudia hapo mwisho."

"Mkate wake mwema."

"Futa. Andika mbaya."

"Pani Bronia, kwenye kibao? Cha halmashauri? Haitapendeza."

Bronisława akachota chumvi, ngumi nzima, akaimwaga. "Andika mbaya, binti yangu. Ukiandika mwema, watu watadhani ni wa Genia."