Siku Ruqaiya Aliposimama Bila Wakili

Majengo nzima, huko Pumwani, ilimjua Ruqaiya kwa mkono wake: mpe kitambaa asubuhi, jioni unavaa. Miaka tisa alishona sare za shule katika kiwanda kimoja upande wa Kariobangi, na hakuwahi kupewa hata onyo. Kisha, mwanzoni mwa mwaka wa tisini na sita, akashikwa na homa ya mapafu, akalazwa majuma matatu. Aliporudi na barua ya daktari mkononi, askari wa lango alimwambia jina lake halimo tena kwenye orodha. Hakupewa notisi, wala ile barua ya utumishi ambayo kila fundi huulizwa anapobisha hodi kwingine. Kila alikokwenda kuomba kazi alionekana kama mtu aliyeshuka kutoka mawinguni.

Akatafuta wakili. Wakili Obura alikuwa na ofisi mjini, zulia jekundu na maneno matamu. "Mama, kesi hii ni kama kumsukuma mlevi," alimwambia. Na kweli kesi ikafunguliwa. Lakini siku ya kusikizwa, wakili hakutokea. Siku ya pili, hakutokea. Ya tatu, jina lilipoitwa alisimama Ruqaiya peke yake, na hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, akamtazama.

"Wakili wako yuko wapi?"

"Sijui, Mheshimiwa. Kila nikienda ofisini kwake naambiwa ametoka."

"Naahirisha mara ya mwisho. Tarehe ijayo kama hakuna wa kuiendesha, nitaitupilia mbali."

Ruqaiya alitoka nje. Karani wa masjala, mzee aliyeitwa Bwire, alimkuta kwenye ngazi akijipangusa macho kwa ncha ya buibui.

"Mama, kwani huyo wakili ni mumeo mpaka umngoje hivyo?" aliuliza. "Kesi ni yako. Unaweza kumwacha ukajisimamia mwenyewe. Andika notisi, ilete hapa, na umpelekee yeye nakala, na wakili wa kampuni pia. Tena kwa Mwanasheria Mkuu kuna ofisi inayopokea malalamiko juu ya mawakili. Nenda ukaseme."

"Mimi? Nisimame mbele ya hakimu niseme?"

"Si umesimama leo? Ulibakisha kusema tu."

Alirudi Majengo kwa miguu, nusu akitembea nusu akikimbia. Jirani yake Asenath, mama yake Simiyu, aliyewahi kushona naye kiwandani, alikuwa akianika nguo.

"Mama Simiyu, nimemfukuza wakili!"

"Weee! Kumbe wakili hufukuzwa?"

"Hata mimi nimejua leo!"

Walicheka mpaka nguo zikaanguka mchangani. Asenath alikuwa amefika kidato cha pili, basi notisi akaiandika yeye, na barua ya malalamiko pia. Kila Jumamosi alasiri akawa hakimu: anajifunga kitenge mabegani, anakalia mtungi wa maji wa plastiki, anamkaripia mwenzake, "Sauti! Mahakama haisikii!" Ruqaiya akajifunza kupandisha sauti hadi majirani wakawa wanachungulia dirishani.

Siku ikafika. Ruqaiya alitoa ushahidi wake kwa Kiswahili chake cha Pumwani, kilichonyooka. Kisha kampuni ikamwita Mulongo, nyapara wa kiwanda.

"Huyu mama simfahamu sana," Mulongo alisema. "Alikuja kama kibarua, wiki mbili hivi, akatoweka."

Ruqaiya alisimama. Hakimu akamgeukia. "Una maswali kwa shahidi?"

"Ninayo, Mheshimiwa." Akamtazama nyapara. "Bwana Mulongo, ile cherehani ya dirishani, ile inayokata uzi, unaikumbuka?"

"Ile? Nitaisahauje! Ile ina mashetani."

"Nani alikuwa akiiweza?"

"Ni wewe tu," Mulongo alijibu, kifua mbele, kama mtu anayeijua kazi yake. "Hata fundi wa mashine alikuwa akikutafuta wewe kwanza. Tangu tuinunue mwaka wa themanini na nane, hakuna mwingine..."

Akageuka kumtazama wakili wa kampuni. Kicheko kililipuka kutoka viti vya nyuma. Kalamu ya hakimu ilikuwa ikikimbia kwenye karatasi.

"Endelea, shahidi," hakimu alisema taratibu. "Umesema tangu mwaka gani?"

Wakili wa kampuni aliinamisha kichwa. Ruqaiya alitaka kuruka juu. Akajishika kwenye meza.

Hukumu ilisomwa baada ya mwezi mmoja na nusu. Hakimu alisema mama huyu alikuwa mfanyakazi wa kudumu, aliachishwa kazi kinyume cha sheria, alipwe haki zake zote, na barua ya utumishi itolewe ndani ya siku kumi na nne ikitaja miaka yote tisa. Asenath alipiga vigelegele humo humo ndani. Askari akawatoa nje, naye mwenyewe anacheka.

"Sasa twende nyumbani tupike pilau!" Asenath alisema barabarani, amemshika mwenzake mkono.

"Pilau itangoja, dada," Ruqaiya alijibu, na tayari alikuwa amegeukia upande wa pili wa mji. "Wale wa ofisi ya malalamiko wamemwandikia Obura ajieleze, na siku zake za kujibu ziliisha jana. Nataka nikaulize amesema nini."