Doa la Mawese kwenye Jiwe la Mama Mkwe

Mwaka ule kila mtu Kisangani alikuwa ananunua vitu vinavyobebeka: redio ndogo, sufuria zinazoingiana, mabegi yenye zipu imara. Mama mkwe wangu yeye akanunua jiwe la graniti, refu kuliko kitanda. Wanaume waliolileta kwa mkokoteni walimtukana kwa Kilingala walipokuwa wakilishusha, wakidhani haelewi. Alielewa kila neno. Aliwangoja wamalize, akawapa maji ya kunywa, kisha akawaambia kwa Kilingala hichohicho wakunje magoti wanapoinua, kwa sababu mgongo hauna spea.

Nilikuwa nimeolewa katika nyumba ile kwa muda mfupi tu. Mimi ni mtu wa mto. Kwetu ni Yanonge, na nimekulia kwenye mitumbwi na samaki. Wao walikuwa watu wa Butembo, wafanyabiashara wa jumla, Wakatoliki wasiokosa misa ya kwanza, na mume wangu ndiye mtoto wao wa kwanza. Siku zile mezani kulikuwa na habari moja: kurudi Butembo. Kaka mkubwa wa papa mkwe alimwita kila Jumamosi kwa foni, ile redio ya wafanyabiashara ambayo ukizungumza, mji mzima wa wenye redio unakusikia. Vita vimekula biashara, alisema, rudini nyumbani kabla hamjaliwa ninyi. Papa mkwe akakubali. Na kwa watu wale, mdogo akishamwitikia mkubwa wake, neno limekwisha.

Nyumba nzima ingekwenda, na mimi ndani yake, hadi kwenye milima ya baridi ambako hakuna mto wala mama yangu. Mke mgeni hana sauti katika jambo kama hilo. Nililia nikichambua pondu, majani ya muhogo, na watu wakadhani ni moshi.

Ndipo mama mkwe aliponiambia nimsindikize kwa fundi wa mawe. Fundi huyo alikuwa akichonga mawe ya makaburi, na nyuma ya nyumba yake alikuwa amesimamisha mabamba yaliyong'olewa kwenye kaunta za maduka ya zamani baada ya uporaji. Alituonyesha kwanza marumaru nyeupe, nzuri ajabu, yenye mishipa ya kijivu.

"Hii ni ya bakubwa," alisema.

Mama mkwe alifungua fundo la kitenge chake, akatoa ndimu. Aliikata, akaminya tone moja, tukasubiri. Alipofuta, mng'aro ulikuwa umekufa pale tone lilipokaa.

"Hii inaogopa ndimu," akasema. "Nitatengeneza samaki juu yake namna gani?"

Fundi akaleta bamba jeusi linalong'aa kama kiatu cha harusi. Mama mkwe akaomba petroli kidogo ya taa, akalowesha kitambaa cheupe, akasugua pembeni. Kitambaa kikarudi cheusi. Alikinusa, akanipa na mimi ninuse, na kweli ilikuwa ni dawa ya viatu.

"Papa, hii umeipaka cirage," akamwambia kwa upole, kama anayemwambia mtu kwamba shati lake halijafungwa vifungo. Fundi akacheka mpaka akakaa chini, na kuanzia hapo akaacha kutuchagulia.

Alilolichagua mwenyewe lilikuwa limesahaulika chini ya mabati. Lilikuwa la kijivu, lenye chembe nyeusi na nyingine za rangi ya ganda la kamba wa mtoni, na mimi nililiona baya. Alilimwagia maji, akahesabu kimoyomoyo akiangalia kama litayanywa. Aliligonga kwa ufunguo toka mwisho huu hadi ule, sikio karibu, maana lenye ufa hujibu kwa sauti ya chungu kilichopasuka. Likajibu vizuri. Ndimu ikaja, ndimu ikaondoka, hapakubaki kitu. Nilimtazama mama yule, mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, akiinama juu ya jiwe kwa makini ya daktari, na nikampenda. Kabla ya siku hiyo nilikuwa namwogopa tu.

Papa mkwe alirudi kutoka dukani akakuta matofali ya nguzo yameshajengwa na jiwe limelala juu yake. Hakuingia jikoni. Mwanamume wa rika lake, kwao, haingii jikoni. Alisimama mlangoni na mikono nyuma.

"Hii tutaingiza mu avion gani?" akauliza, kwa sababu barabara zilikuwa zimekufa na mizigo yote ilisafiri kwa ndege.

"Haitapanda avion."

"Donc? Kwa hiyo?"

"Donc itabakia hapa."

"Na siye?"

Mama mkwe akamuuliza kama anataka lituma yake na samaki au na nyama. Papa mkwe alikuwa akipenda lituma kuliko wenyeji wenyewe: ndizi na muhogo vilivyotwangwa pamoja, na mawese mekundu pembeni. Alijibu samaki, akaenda kukaa. Hivyo ndivyo walivyogombana watu wale.

Jiwe likawa na sheria zake, na mimi nikajifunza. Jivu na mchanga, tunavyosugulia sufuria, marufuku. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, kisha kukausha, maana maji yakikaukia juu yenyewe huacha ukungu. Sufuria ya moto ilikaa juu ya ngata, ile kata ya nguo tunayowekea mizigo kichwani. Graniti haiogopi moto, alisema, lakini hata mtu asiyeogopa haipendezi kumchokoza. Nilikuwa nikiviringisha matonge ya lituma pale juu na ubaridi wa jiwe ukipanda hadi viwikoni, na kwa kitambo nilisahau Butembo.

Kisha majeshi mawili ya wageni, yaliyokuja kwetu pamoja, yakagombana katikati ya mji wetu. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Sisi tulilala kifudifudi kwenye ukumbi, rozari moja ikizunguka mkono kwa mkono, bila kujua kama ni mchana au la. Mizinga ilipokoma, madirisha yote yalikuwa chini na bati la jikoni limetoboka. Nilichukua kitambaa nifute vioo kwenye jiwe. Mama mkwe akanishika mkono. Ukiburuta vioo juu ya jiwe, alisema, unalikwaruza kwa maisha. Akaenda kutafuta bawa la kuku, akafagia chembe kwa chembe, bila kubonyeza, huku ukuta wa jirani ukiendelea kumomonyoka. Sijawahi kuona ujasiri wa namna ile, na nimewaona askari wengi.

Jioni hiyo papa mkwe alisimama mlangoni pa jikoni. "Basi. Imetosha. Avion ya kwanza, tunaenda." Hakuna aliyembishia. Hata mama mkwe alishusha sufuria azifunge, na mimi nikaanza kukunja nguo zangu.

Siku chache baadaye mama yangu akafika kutoka Yanonge kwa mtumbwi, akitaka kuona kwa macho yake kama mtoto wake yu hai. Alikuwa amebeba bidoni ya mawese kichwani, zawadi ya ukweni. Alinishika uso, akanishika tumbo, akagundua nina mimba kabla sijamwambia, akalia. Kesho yake asubuhi tulikwenda wote kupanga foleni ya maji, yeye tukamwacha apumzike.

Kwetu mtoni, kinu kipya hakitwangi kitu kabla hakijapakwa mawese. Na chombo kilichopita hatarini, kama mtumbwi uliopinduka ukapatikana, nacho hupakwa, kwa kushukuru. Mama yangu aliona jiko limesimama, jiwe limesimama, na mtoto wake amesimama. Akafungua bidoni. Alilipaka jiwe lote, polepole, mwisho hadi mwisho, kwa kiganja, akiimba.

Tuliporudi na ndoo zetu jiwe lilikuwa limekunywa. Lile lililoikataa ndimu lilikuwa limefungua kinywa kwa mafuta, limegeuka rangi ya kutu, na kusugua hakukusaidia kitu. Mama yangu alitazama nyuso zetu, akaelewa. Alifunga kitambaa chake kichwani aondoke saa ileile.

"Bokilo, unisamehe," akamwambia mkwe mwenziwe. "Maji yakisha kumwangika hayazoleki."

Mama mkwe alikuwa ameweka mkono juu ya jiwe. Kama angemfukuza mama yangu kwa macho tu, ningeondoka Kisangani na aibu hiyo na nisingerudi kuiosha.

"Maji, ndiyo," akasema. "Mafuta, tutajaribu. Hauende. Utanisaidia."

Kisha akageuka mlangoni, ambako papa mkwe alikuwa ameshasimama. "Papa, utaachia batu nyumba yenye doa? Baseme bibi yako alikuwa muchafu? Acha jiwe isafike kwanza. Ikisha kusafika, tunaenda."

Papa mkwe alilitazama jiwe. "Bon," akasema. "Ikisha kusafika. Siku ile ile." Akaenda kwenye foni kumweleza kaka yake.

Dawa ilitoka sokoni: ule udongo mweupe ambao wajawazito hununua na kutafuna. Mama zangu wawili waliutwanga, wakaukoroga na sabuni na petroli kidogo hadi ukawa uji mzito, wakaupaka juu ya jiwe na kulifunika kwa majani ya ndizi. Udongo ukikauka unavuta mafuta kutoka ndani. Ulipobanduliwa ulikuwa wa manjano. Wakapaka tena. Mimi nilikaa pembeni nikitafuna vipande vya udongo ambavyo havijatiwa petroli, na wao wakinigombeza kwamba nakula dawa ya jiwe. Walikuwa wanapeana siri za kupika, Kilingala kwa Kiswahili, na siku mama yangu aliporudi Yanonge walishikana mikono kwenye mtumbwi mpaka mwenye mtumbwi akalalamika.

Doa lilirudi nyuma kutoka pande zote. Likabaki moja tu, upana wa kiganja, karibu na ukuta, na hilo likakataa. Tulipaka udongo Jumatatu, likapungua. Jumatatu iliyofuata lilikuwa palepale, jekundu. Kila Jumamosi papa mkwe aliwasha foni.

"Kaka, jiwe bado."

"Jiwe gani?" kaka mkubwa alinguruma kutoka Butembo. "Vita iko huko na weye unaniambia juu ya jiwe?"

"Mama ya batoto alisema isafike, na mimi nilisema oui. Neno ni neno, kaka."

Kwa kuwa wote walikuwa wakisikiliza, ikawa mzaha wa mji. Wafanyabiashara walipompita papa mkwe njiani walimsalimu, "Jiwe bado?" naye akajibu kwa uso mkavu, "Bado."

Mimi nilikuwa na siri yangu. Niliamini ni mama mkwe. Niliamini kwamba anapokuwa peke yake huchovya kidole kwenye mawese na kulilisha lile doa, na nilimheshimu kwa hilo kuliko nilivyoweza kusema. Sikumchunguza. Nilipopika niliiacha chupa ya mawese karibu na ukuta, imefunguliwa, ili asihangaike kuitafuta.

Jumapili moja mimba ilinipa kizunguzungu kanisani, nikarudi nyumbani kabla ya wengine. Papa mkwe alikuwa amebaki siku hiyo kwa kuumwa magoti. Nilipitia mlango wa nyuma, nikamkuta jikoni. Si mlangoni, jikoni, ndani kabisa, katika suti yake ya Jumapili, chupa ya mawese mkono wa kushoto. Alikuwa akilisugua doa kwa kidole gumba, taratibu, jinsi unavyomsugua mtoto kifua akiwa na mafua.

Aliniona. Hakuna kati yetu aliyejua aweke wapi macho. Mkwe hamkuti papa mkwe jikoni. Hilo halikuwa na adabu yake iliyopangwa.

"Mutoto yangu," akasema, "hii jiwe iko nguvu."

"Ndiyo, papa."

"Haiyasafika."

Nikatazama sakafu. "Bado, papa."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo zito. Akafuta kidole kwenye leso yake nyeupe, akairudisha chupa pale pale nilipokuwa nimeiacha, akatoka kwenda kungojea lituma yake.

Mwanangu alizaliwa Kisangani. Vita vikaisha kwa namna vita vyetu vinavyoisha, kidogo kidogo, na siku moja kaka mkubwa akaacha kuuliza kwenye foni. Wazazi wale wote wawili wamezikwa huku, si Butembo, na jiwe liko jikoni kwangu. Ninalifuta kwa maji ya vuguvugu na kulikausha.

Lakini kesho yake baada ya Jumapili ile, mama mkwe alikuwa anafua. Aliniita kwenye beseni. Alikuwa ameshika leso nyeupe ya mume wake, iliyofunguliwa, na katikati yake alama nyekundu ya kidole gumba. Aliitazama, akanitazama mimi, akaanza kucheka kimya kimya mpaka miwani ikateleza.

"Miaka yote hii niko naye," akasema. "Na mimi nilizania ni weye."