Pima na Pembeni ya Jua

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai kule Mitaboni, mwanangu, mawingu yamelala vilimani hata kanisa hulioni. Nimeikumbuka kwa sababu jana mchana umeniamsha kwa simu kuniambia jua limepoteza nguvu, eti umelipima kwa dishi. Ni mara ya pili mwezi huu. Nimechoka.

Sisi pia shuleni tulikuwa na dishi, kuukuu la televisheni, tumelifungia kipimo cha mshale. Jua hutoa mawimbi ya redio kama linavyotoa mwanga; ukilielekezea dishi, mshale unapanda. Asubuhi hiyo ulipanda kidogo tu. Kioko, kiongozi wa kikundi chetu cha sayansi, akasimama paredi akatangazia shule nzima kwamba jua limefifia, na Ijumaa tunalipeleka hilo kwenye mashindano ya kaunti.

Mwalimu Mutheu wa fizikia akatuita.

“Kioko, ulipima pembeni?”

“Pembeni ya nini, mwalimu?”

“Ya jua. Mahali halipo.”

“Sasa mahali halipo nipime nini?”

“Nenda ukaone. Jaji akikuuliza hilo Ijumaa, tutarudishwa nyumbani kabla ya chai.”

Tukageuza dishi kando. Pale ambapo jana yake, anga likiwa wazi, mshale ulilala, sasa ulikuwa umeinuka. Nikarudia, maana mimi sihesabu kitu mara moja. Vilevile. Mawingu na unyevu wa hewa hii ya chini vilikuwa vinakula mawimbi ya jua na kuongeza yao wenyewe. Ni kama mchuuzi anayetoa ndengu guniani na kutia mawe, halafu wewe unamlaumu mkulima wa kule Kivaa aliyezivuna.

Kesho yake Kioko akasimama paredi tena.

“Jua liko sawa. Tulipima mawingu.”

Muhula mzima wanafunzi walimwamkia, “Mgonjwa wako, jua, aliamkaje?” Lakini mawingu hayo ndiyo tuliyopeleka mashindanoni, na jaji hakupata pa kutubana. Tukawa wa tatu. Usiniulize vikundi vilikuwa vingapi.

Basi, kabla hujanipigia tena, pima na pembeni. Rudia siku ya anga wazi. Asubuhi jua likiwa chini, kumbuka linakufikia kupitia hewa nyingi kuliko saa sita. Na kitu chochote cha mbali unachotaka kukisema vibaya, kagua kwanza kilicho kati yenu.

Mungu akupe mbingu zisizo na wingu. Siku asipokupa, akupe moyo wa kupima upya, na mimi anipe usingizi wangu wa mchana.