Senti Yenye Tundu

Mama aliingia dukani na mikebe mitatu ya udongo ndani ya kikapu, nami nikatamani ardhi ipasuke initie ndani. Lilikuwa duka la Mhindi mmoja pale Kisumu, aliyeuza redio, pampu za maji na spea za injini za boti. Watu waliovaa nadhifu walikuwa kwenye foleni. Mama hakuwaona hata mmoja wao. Alipanga mikebe yake juu ya kaunta kama mtu anayeuza dagaa wa omena sokoni. Mmoja ulikuwa na mchanga wa ufukweni, wa pili ule udongo mweusi unaonata miguuni, na wa tatu changarawe nyekundu ya mlimani.

"Nionyeshe mashine zako zote za kutafuta chuma ardhini," alisema.

Mhindi alikuwa nazo mbili tu. Moja ilikuwa ya kijani, nzito, ya jeshi la zamani, na sanduku lake lilikuwa la kubebwa begani. Nyingine ilikuwa mpya na nyepesi, ina mpini mrefu na sahani chini. Ilitengenezwa kwa ajili ya wazungu wanaotembea ufukweni kuokota sarafu za kale.

"Mama natafuta hazina?" Mhindi aliuliza akicheka.

Nilimjibu kabla Mama hajafungua mdomo kwamba kazi yake ni kuuza, si kuuliza maswali. Ndivyo nilivyoumbwa, ulimi hunitangulia mlangoni. Mama alinifinya mkono.

"Natafuta kaburi la mtoto wangu," alisema.

Mtoto huyo alikuwa mdogo wangu. Alikufa kwa surua miaka michache kabla ya uhuru, akiwa ndio kwanza anajua kukimbia. Nyanya alikuwa ametufunga sote wawili shanga kiunoni, na katikati ya kila uzi akatia senti kumi yenye tundu, moja yake na moja yangu. Ile senti iligongana na shanga, kwa hiyo hata ukiwa jikoni ulijua mtoto yuko wapi. Alizikwa nayo, upande wa kushoto wa nyumba ya Mama, ambapo kwetu ndipo anapozikwa binti. Hakuna aliyeweka jiwe. Nani angesahau kushoto kwa nyumba yake mwenyewe?

Kisha ziwa likapanda. Waliokaa ufukweni mwanzoni mwa miaka ya sitini wanayajua maji yale. Tulihamia mlimani na vyungu kichwani, na nyumba za udongo zikayeyuka nyuma yetu. Maji yalikaa miaka. Yaliporudi nyuma kidogo yalituachia ardhi tusiyoijua, haina nyumba, haina ua, haina tuta la kaburi. Mama alisema nyumba ilikuwa palipo na mchanga sasa. Baba mdogo, ndugu yake Baba, alishikilia kwamba ilikuwa kwenye udongo mweusi. Walibishana hivyo kila Krismasi, mpaka sisi watoto tukawa tunaondoka mezani.

Baba alipofariki tulimzika kwenye boma jipya, mlimani. Tangu siku hiyo Mama hakutulia. Alisema mtoto amelala peke yake kule chini na baba yake amelala peke yake huku juu, na yeye akifuata, nani atakayejua? Wazee walimruhusu achote kiganja kimoja cha udongo wa kaburi lile, aulete kando ya Baba. Kiganja kimoja tu, lakini cha mahali penyewe.

Yule Mhindi alisikiliza yote, na kicheko kikamwisha. Nilitoa senti yangu pochini, ile pacha. Aliichukua kwa adabu akaifukia katika mkebe mmoja baada ya mwingine. Mashine ya kijani ilipiga kelele juu ya changarawe nyekundu hata kabla senti haijaingia.

"Hii iko na wazimu," alisema. "Mawe kidogo, yeye nalia."

Ile nyepesi ilikuwa na kitufe. Alipokizungusha, mashine ikanyamazia misumari aliyoitia mkebeni na kuiitikia senti peke yake. Kwenye mchanga ililia wazi, kwenye udongo mweusi ikalia kwa chini, kama inzi ndani ya chupa. Mama alivaa hedifoni juu ya kitambaa chake akafumba macho. Mhindi aliitoa senti bila kumwambia, Mama akatikisa kichwa. Akairudisha, Mama akainua mkono.

"Hii," alisema. "Hii haisemi ovyo."

Jumamosi iliyofuata tuliteremka ufukweni, Mama, Baba mdogo na mimi. Mama alikuwa na kikombe cha bati cha kutia udongo wake. Nilibeba mashine, naye alivaa hedifoni, kwa hiyo tulitembea tumefungamana kwa waya, kila mmoja akimkanyaga mwenzake. Nikienda haraka ananivuta. Nikipunguza mwendo ananisukuma. "Taratibu, nyara," ananiambia kwa Dholuo, yaani binti yangu, "humfukuzi mwizi."

Tulianzia mchangani, alikosema yeye. Haikupita muda akaniminya bega. Baba mdogo alipiga jembe mara moja, kisha Mama akamwondoa akachimba kwa mikono. Ikatoka senti kumi, nyeusi, tundu katikati.

Yawa! Jinsi alivyopiga magoti! Aliibusu na matope yake. Alilia, akacheka, akamwambia Baba mdogo, "Nilikuambia mchangani, shemeji! Miaka yote hii nakuambia!" Nami nililia bila aibu. Akachota kiganja chake cha udongo akakitia kikombeni.

Tungeondoka hapo hapo. Lakini alipoinuka nilikuwa sijazima mashine, na sahani ikapita hatua moja kando. Mama akasimama. Akagusa hedifoni.

"Inalia tena," alisema.

Tulichimba. Senti kumi, yenye tundu. Tukaenda mbele, nyingine. Tukavuka kwenye udongo mweusi, nyingine, na nyingine.

Niligeuka nikamwona Baba mdogo ameegemea jembe, hatazami tulichokiokota. Nilimuuliza ana nini. Niliuliza tena kwa sauti ambayo binti hapaswi kumpazia mkubwa wake.

"Ni zetu," alisema. "Za nyavu."

Serikali ilipoleta pesa mpya, zile senti za zamani zikawa hazinunui kitu. Risasi za kuzamishia nyavu zilikuwa ghali. Wavuvi wakazifunga zile senti kwenye nyavu badala ya risasi, kwa kuwa Mungu alishazitoboa. Yeye mwenyewe alifunga. Walizikokota nyavu pale pale msimu baada ya msimu, kamba zikakatika, senti zikamwagika ufukwe mzima.

Nilimfokea. Nilimwambia ametembeza nyavu zake juu ya mtoto wetu, na maneno mengine nisiyoyarudia hapa. Alisimama tu, mzee mzima, machozi yakimtoka. Tulipekua kila shimo tukitafuta shanga, hata moja ituambie ni hapa. Hakuna. Maji yalishageuza kila kitu.

Mama ndiye aliyeninyamazisha. "Mwache. Naye alikuwa na watoto wa kulisha." Kisha akamtuma shemeji yake akalete karai.

Tulipita ufukwe ule mpaka jua likainama. Kila palipolia Mama alichimba, akatoa senti, akachota kiganja kimoja kutoka hapo, akatia kwenye karai. Mchanga, udongo mweusi, mchanga tena. Karai lilipojaa, Baba mdogo aliomba kulibeba yeye. Alilipandisha mlimani kichwani bila kupumzika.

Mama aliumwaga udongo kando ya Baba, upande wa kushoto, akaushindilia kwa viganja. Zile senti alizifukia humo humo, zote. Halafu akaniangalia mimi, kwa kuwa nilisoma na niliijua mashine.

"Yumo?"

Baba mdogo aliinamisha kichwa.

"Yumo, Mama," nilisema, kwa ukali, maana sauti nyingine sikuwa nayo.

Akatandaza leso yake juu ya lile tuta jipya, akajilaza kando yake kama alivyokuwa akijilaza kumnyonyesha.