Amri ya Mfalme Yakosa Muhuri

Juzi kwenye dirisha la komine, ofisi ya serikali ya mtaa wetu, mbele yangu, mama mmoja mkimbizi kutoka Kongo alifungua Biblia ya Kiingereza. Kwenye ukurasa wa mwanzo mchungaji wa kambini alikuwa ameandika, kwa Kiingereza pia, tarehe ya kuzaliwa kwa binti wa mama huyo. Bila tarehe hiyo, binti haandikishwi mtihani.

"Mama, iyi inatakiwa ifasiriwe kwa Kifaransa na mutu mwenye ruhusa ya serikali," karani alisema.

Mama akageuza ukurasa, akaweka kidole. "Chef, ruhusa iko. Ona, kitabu kyote kilifasiriwa kwa amri ya mfalme."

"Mfalme gani? Na muhuri wake iko wapi?"

Mfalme huyo wa Uingereza aliwakusanya wanazuoni, wakasomeana kila aya kwa sauti mpaka wakapatana. Dirisha letu hakulifikiria.

Karani akawaita wenzake wawili. Wakauinamia ule mstari wa mchungaji, wakausoma kwa sauti. "Juni ao Julai?" Wakabishana, wakapatana. Karani akaandika tarehe kwa Kifaransa kwenye karatasi, akagonga muhuri, akamrudishia mama kitabu kwa mikono miwili.

Wale wa mfalme walichukua miaka saba. Wetu walimaliza kabla ya chakula cha mchana, na binti atafanya mtihani.